Sativa, sativus, sativum: ni neno moja au matatu? Nimechapa lebo 3,000 za tango, zote zimerudi

Mchapaji wa Narung'ombe

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mchapaji, nina kiofisi changu cha lebo na stika Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge. Kazi zangu nyingi siku hizi ni pakiti za mchele, mbegu, viungo na dawa za asili. Leo sikuja kutangaza biashara. Nina swali la lugha, tena lugha ambayo hata wenyewe walishakufa.

Iko hivi. Wiki iliyopita mteja mmoja wa mbegu za mboga aliniletea kazi ya lebo 3,000 za tango. Kwenye karatasi yake, chini ya neno TANGO, aliandika kwa herufi ndogo za kulala: Cucumis sativus L. Sasa mimi kwa miaka kumi na moja nimejijengea jina kwamba kosa la tahajia halipiti mezani kwangu. Mtu akileta kadi kaandika "siku ya kuzariwa" nasahihisha kimyakimya, wala simdai. Na mwezi Machi nilikuwa nimechapa mifuko 800 ya mchele wa Kyela, ambayo mwenyewe aliandika Oryza sativa. Nikasema ahaa, huyu wa tango kateleza, neno lenyewe ni sativa. Nikamsaidia. Ile L. yenye nukta nikajua ni saizi ya pakiti, yaani kubwa, nikaihamishia pembeni karibu na gramu.

Mteja akaja na bajaji kuchukua mzigo. Akafungua boksi la kwanza, akasoma, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Nani kakutuma ubadilishe?" Nikatoa mfuko wa mchele nimwonyeshe ushahidi. Akasema mchele ni mchele na tango ni tango, akashuka ngazi, maboksi kayaacha. Simlaumu. Ila karatasi niliyotumia ni ile ya stika isiyolowa maji, na wanaonunua karatasi hiyo bei yake wanaijua.

Kana kwamba hayo hayatoshi, kijana wangu wa dizaini naye akafungua mdomo: "Bosi, mimi nilishangaa tangu ule mchele. Sativa si ni bangi?" Nikaingia mtandaoni. Kweli, picha zinazokuja ni majani yaleyale. Nikaiwaza ile mifuko 800 ilivyotapakaa Tandika na Mbagala, usingizi ukaruka.

Tangu hapo nimepekua mafaili yangu yote ya zamani. Mpunga ni sativa, habasoda (Nigella) ni sativa, saladi (Lactuca) ni sativa. Tango ni sativus, figili (Raphanus) ni sativus. Halafu kitunguu saumu (Allium) ni sativum, njegere (Pisum) ni sativum, giligilani (Coriandrum) ni sativum. Nikadhani nimekamata siri: mwisho unafuata mwisho wa neno la mbele. Oryza, sativa. Allium, sativum. Raphanus, sativus. Kumbe tango ni Cucumis, linaishia na -is, na lile jani la kijana wangu ni Cannabis, nalo linaishia na -is, halafu moja ni sativus na jingine ni sativa! Hapo nikazima kompyuta.

Nani anaamua? Na neno lenyewe lina maana gani? Naomba msinijibu "tafuta mwenyewe", nimetafuta, ndiyo maana silali.

Dogo wa Gerezani

Mkuu ungeandika tu SATIVA kwa herufi kubwa mbele ya mfuko, ule mchele ungeisha kabla ya adhuhuri. Watu wangekuja kupika ubwabwa wakirudi wanacheka peke yao.

Utani pembeni, pole sana. Mimi naijua L. kwenye fulana tu.

Mchapaji wa Narung'ombe

Dogo endelea kucheka. Lebo zako za asali za mwezi ujao nazo ziko kwenye kompyuta hiihii.

Mwalimu Mstaafu, Ukonga

Mwanangu mchapaji, pole. Nilijifunza Kilatini seminari ndogo mwishoni mwa miaka ya sitini, na tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza swali lake hata moja, kwa hiyo utanivumilia nikiwa mrefu.

Kwanza lala usingizi. Sativa haina bangi ndani yake. Ni kivumishi, maana yake ni "ya kupandwa": mmea ambao mtu amechukua mbegu akauotesha kwa mkono wake, tofauti na ule uliojiotea mwituni. Mchele wako umeambiwa ni mpunga wa kupandwa, basi. Bangi nayo ilipewa jina hilo kwa sababu watu walikuwa wakiilima, hasa kwa ajili ya nyuzi za kamba na nguo. Aliyeziandika zote mbili ni mtu mmoja, mtaalamu wa mimea Mswidi, Carl Linnaeus, katika kitabu kimoja cha mwaka 1753, pamoja na tango, njegere na kitunguu saumu. Ile L. yenye nukta ndiyo yeye. Umemgeuza kuwa saizi.

Sasa asili yake. Kitenzi ni serere, kupanda mbegu. Padre wetu alitukaririsha kila kitenzi kwa sura zake nne, na hiki tulikiimba asubuhi njiani kwenda kuoga maji ya baridi: sero, serere, sevi, satum. Sura ya nne ndiyo tunayoitafuta. Humo unapata satus, "iliyopandwa". Ukikata mwisho ukapachika -ivus, unapata sativus, yaani iliyo ya jamii ya vitu vipandwavyo. Kipachiko hicho kilifanya kazi nyingi. Captus ni aliyekamatwa, captivus ni mateka. Natus ni aliyezaliwa, nativus ni kile ulichozaliwa nacho. Sisi Waswahili kwa kazi hiyo hatuna kipachiko, tunakopa kitenzi na kukifunga kwa -a: mpunga wa kupandwa, tango la kupandwa. Vivumishi vyetu halisi ni vichache, lakini kwa hiyo -a hatujawahi kupungukiwa.

Jihadhari tu, kuna serere nyingine, mapacha wa sura, yenye maana ya kuunganisha au kusuka mfululizo. Hiyo ni serui, sertum. Niliwahi kuzichanganya kwenye mtihani nikaandika kwamba mkulima alikuwa akisuka ngano.

Ukoo wa serere ya kupanda ni mkubwa. Semen, mbegu, ni wa mzizi huohuo. Kutoka semen ikaja seminarium, nayo maana yake ya kwanza haikuwa shule ya mapadre, ilikuwa kitalu cha miche. Kwa hiyo miaka minne mimi nilikuwa mche kitaluni. Wenzangu walihamishiwa shambani wakazaa matunda, mimi nilihamia Ukonga nikaoa. Tena tendo la kupanda waliliita satio, na Wafaransa wakalichukua wakapata saison, msimu. Jambo ambalo mtu anayengoja masika hahitaji kufafanuliwa. Warumi walipenda pia kuamini kwamba mungu wao Saturnus alipata jina humohumo, na Varro, mwandishi wao, aliliandika hivyo. Mimi siliungi mkono. A ya Saturnus ni ndefu na ya satus ni fupi, na Kilatini hakikuwa na mchezo na urefu wa irabu.

Wala Linnaeus hakulibuni. Alilikuta. Pliny, mwandishi wa Kirumi, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, analitumia akitenganisha mimea ya bustanini na ile ya msituni, ambayo aliiita silvestris.

Haya, twende kwenye mwisho wa neno, maana ndiko ulikopoteza pesa. Usione ajabu, maana wewe unafanya kazi ngumu kuliko hii kila unapofungua mdomo. Unasema mti mzuri, kitu kizuri, jambo zuri, vitu vizuri. Angekuletea mtu lebo yenye "kitu mzuri" ungeisahihisha kabla hajamaliza kukaa. Kilatini nacho kinataka kivumishi kifuate nomino yake, ila chenyewe kina mafungu matatu tu, na wao huyaita jinsia: ya kiume, ya kike, na ya tatu waliyoiita neutrum, maana yake "si huyu wala si yule". Tofauti yetu nao ni kwamba sisi kivumishi tunakivisha kofia, wao wanakivisha viatu. Sativus cha kiume, sativa cha kike, sativum cha lile fungu la tatu. Neno ni moja.

Na lile fumbo la -is? Jibu ni kwamba kivumishi hakifuati sauti, kinafuata jinsia. Hizo Oryza na Allium zilikudanganya kwa sababu zimetokea kufanana. Chukua neno ua. Ua la waridi ni zuri, ua wa nyumba ni mzuri. Herufi ni zilezile mbili, ngeli mbalimbali, na wewe hujawahi kukosea kwa sababu ulinyonya nayo. Mrumi naye alijua kwamba cucumis ni ya kiume na cannabis ni ya kike. Ukiuliza kwa nini, hakuna kwa nini. Inakaririwa.

Nikuongezee mtego mmoja kisha ninyamaze. Wingi wake ni sativi, sativae, sativa. Umeona la mwisho? Wingi wa fungu la tatu unafanana kabisa na umoja wa kike. Ukikutana na Pisa sativa kwenye maandishi ya kale, usidhani njegere zimegeuka jike; ni nyingi tu. Kwenye lebo hutakutana nayo, majina ya mimea hukaa umoja siku zote.

Linatamkwa sa-TI-vus, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyofanya sisi. Warumi wa kale v waliisoma kama w. Kanisani tulisoma v.

Dogo wa Gerezani

Mwalimu shikamoo. Nimesoma yote hadi mwisho na sijui nimefanyaje.

Mwalimu Mstaafu, Ukonga

Marahaba mwanangu.

Mchapaji wa Narung'ombe

Mwalimu shikamoo, na Mungu akuzidishie. Hapo kwenye ua nilicheka peke yangu dukani, mteja akaniangalia. Nimemsomea kijana wangu, sasa anazunguka ofisini anasema "kofia na viatu".

Lakini ngoja. Asubuhi hii kaingia mteja mwingine, mama mmoja wa ukwaju, pakiti za robo kilo. Kaandika Tamarindus indica. Kwa elimu uliyonipa jana, hiyo -us si ya kiume? Na indica si ya kike? Hapa mama kakosea kweli, au shimo ni lilelile na mimi ndiye niko ukingoni? Safari hii sijagusa. Mashine nimezima, nanywa chai, nawangoja.

Bwana Shamba wa Kinyerezi

Mkuu endelea na chai hiyohiyo, USIBADILISHE KITU. Mama yuko sahihi.

Mimi ni bwana shamba, Kilatini nakijua cha kwenye lebo tu, lakini hicho nimekisaga. Ukwaju ni mti, na kwa Warumi majina mengi ya miti yalikuwa ya kike hata yakivaa -us ya kiume. Pinus, ficus, quercus, yote wanawake. Wataalamu wa majina ya mimea wameuheshimu utamaduni huo hadi leo, umo kwenye kanuni zao, na miti mingi iliyopata jina baadaye sana ikapangwa humohumo. Ukienda Sao Hill kule Mufindi, misitu ile ya misindano iliyopandwa ni Pinus patula. Patula, si patulus. Mkaratusi nao, Eucalyptus, ni wa kike: Eucalyptus alba.

Mwalimu alikupa ua. Mimi kwa miti nakupa kiongozi. Neno limevaa ki- mbele kama kiti na kisu, lakini unasema kiongozi mwema, hakuna anayesema kiongozi chema. Kijana mrefu, kipofu mmoja, kiboko mkubwa. Kwa sababu ni kiumbe hai, uhai umeishinda ki-. Kwa Warumi umti uliishinda -us. Nadhani ni jambo lilelile kabisa, na sijui kwa nini vitabu vya chuo havikutuambia hivi, tulikesha tunakariri.

Halafu jina lenyewe la ukwaju ni kichekesho. Tamarindus ni Kiarabu, tamr hindi, tende ya India. Kisha wakaongeza indica, ya India. Kwa hiyo lebo ya huyo mama inasema "tende ya India ya India", na mti wenyewe asili yake ni huku kwetu Afrika.

Jambo la pili ambalo litakuokoa pesa. Mmea ukihamishwa ukoo na wataalamu, kivumishi kinabadilisha viatu. Kunde Linnaeus aliziita Dolichos unguiculatus. Baadaye zikahamishiwa Vigna, na Vigna ni ya kike, ndiyo maana leo pakiti inasoma Vigna unguiculata. Gimbi lilikuwa Arum esculentum, likahamia Colocasia likawa esculenta. Tikitimaji liliwahi kuitwa Momordica lanata, likahamia Citrullus likawa lanatus; lanatus maana yake lenye sufu, yale malaika ya kwenye mche mchanga. Ukimkuta mzee wa mbegu ana kitabu cha zamani na mwingine ana kipya, usimsahihishe yeyote. Uliza.

Hilo esculentus nalo ni zuri kulifahamu, maana linapita Kariakoo kila siku kuliko hata sativus. Linatokana na esca, chakula, maana yake "cha kulika". Bamia ni Abelmoschus esculentus. Muhogo ni Manihot esculenta. Na nyanya kwa miaka mingi ilikuwa Lycopersicon esculentum, fungu la tatu, kabla haijarudishwa kwa ndugu zake bilinganya na viazi mviringo ikawa Solanum lycopersicum. Maboksi ya mbegu yenye jina la zamani bado yanazunguka. Ukiyaona, si kosa la tahajia, ni jina la ujana.

Mchapaji wa Narung'ombe

Bwana Shamba nimekuvulia kofia, au nivue viatu sijui.

Umegusa la kulika na lisilolika, nikakumbuka mawili. Karoti nimechapa Daucus carota, na chini yake kwa herufi ndogo zaidi, subsp. sativus. Carota si ya kike hiyo? Na mtama ni Sorghum bicolor, huo umeishia na -or, sijui ni viatu au peku.

Bwana Shamba wa Kinyerezi

Karoti: subsp. ni kifupi cha aina ndogo ndani ya spishi, na carota pale ni nomino, ni jina tu limekaa pembeni, halimwamrishi mtu. Mwenye nyumba ni Daucus, wa kiume, na sativus anamfuata yeye. Unaposema "mji wa Mikindani ni mkongwe", mkongwe unafuata mji. Hiyo Mi- ya Mikindani haikusumbui.

Mtama: bicolor, wenye rangi mbili. Hicho ni kivumishi peku, umesema vizuri. Kinabaki hivyohivyo kwa jinsia zote tatu. Na sisi tunavyo tele: nyumba safi, kitabu safi, maji safi, mtu safi. Ghali, rahisi, hodari. Vingine viko katikati. Maharage ni Phaseolus vulgaris na shayiri ni Hordeum vulgare: vulgaris kwa kiume na kike pamoja, vulgare kwa lile la tatu. Maana yake "ya kawaida, ya watu wote".

Na kwa sababu unachapa mchele, usije ukamwambia mteja kwamba sativa ni cheti cha ubora. Kuna mpunga wa asili ya Afrika Magharibi, ulilimwa na wakulima wa bonde la Niger kabla ya ule wa Asia kufika huko, unaitwa Oryza glaberrima, "laini mno, bila malaika". Nao ulipandwa kwa mkono sawasawa na wa Kyela. Jina la "ya kupandwa" lilikuwa limeshachukuliwa, huo ukaachiwa sifa ya ngozi.

Binti Habasoda

Asalaam alaykum. Mwalimu shikamoo, Bwana Shamba habari za kazi. Mimi nauza dawa za asili, habasoda, uwatu, mdalasini. Nimeona habasoda imetajwa mwanzoni halafu ikaachwa, nikasema hapana.

Chupa yangu imeandikwa Nigella sativa. Nimesoma hapa kwamba sativa ni ya kike kwa sababu ya Nigella. Nikacheka, kwa sababu hata jina tunalolitumia sisi limefanya hivyohivyo kwa Kiarabu na watu hawajui. Habasoda ni habba sawda, mbegu nyeusi. Nyeusi kwa kiume ni aswad: lile jiwe la Makka, Hajar al-Aswad, hajar ni ya kiume. Lakini habba ni ya kike, ina ile tamarbuta, herufi ya kike, mwishoni, ikabidi aswad igeuke sawda. Ustadhi wetu madrasa alitupiga fimbo za miguu kwa hilo mwaka mzima. Sasa sisi tumelichukua likiwa limeshavishwa gauni, tukalibandika pamoja, tukaliita habasoda, na ukilitia kivumishi cha Kiswahili unasema habasoda nzuri, linaanza ngeli upya.

Naomba kuuliza, Nigella yenyewe maana yake ni nini?

Mwalimu Mstaafu, Ukonga

Marahaba binti yangu, na umenifundisha jambo uzeeni. Lile jiwe nimelisikia maisha yangu yote sikujua kwamba aswad na soda ni kaka na dada.

Nigella inatoka kwa niger, nyeusi. Ukiidogosha unapata nigellus, nigella, kama sisi tunavyosema kaeusi. Kwa hiyo Mrumi na Mwarabu wote waliitazama mbegu ileile wakasema jambo lilelile, na wote wawili wakaligeuza kuwa la kike. Jina lake kamili ni "kaeusi ka kupandwa". Kikwetu ka- hiyo ingekuwa na kazi ya kuvuta kivumishi nayo, kaeusi kazuri, ila Kiswahili sanifu kiliifukuza ka- kikaiachia mitaa.

Dogo wa Gerezani

Ka- iko hai huku mtaani mwalimu, njoo Gerezani usikie.

Mchapaji wa Narung'ombe

Wakuu, niwape mrejesho maana mmenihangaikia.

Wa tango nilimpigia nikamwomba radhi. Nikamwambia sasa najua kwamba Cucumis ni ya kiume na L. ni Linnaeus. Akakaa kimya, kisha akacheka kidogo, akasema yeye mwenyewe alikuwa anajua tu kwamba ndivyo ilivyoandikwa kwenye boksi la mbegu kutoka nje. Kazi amenirudishia. Nachapa upya kwa gharama yangu, nusu ya karatasi nimeiokoa kwa kugeuza zile za zamani kuwa stika za bei, upande wa nyuma bado una gundi nzuri. Kijana alikuwa na wazo la kuchapa vistika vidogo vya "us" na kuvibandika juu ya "a", lebo 3,000, kwa mkono. Nikamwuliza nani atabandika. Wazo likafa.

Ukutani juu ya kompyuta nimebandika karatasi. Nimeandika majina ya mbele tu, kwa wino wa rangi tatu. Buluu: Cucumis, Raphanus, Citrullus, Abelmoschus, Daucus, Phaseolus. Nyekundu: Oryza, Nigella, Lactuca, Vigna, Manihot, Colocasia, na Cannabis, ambayo kijana aliiongeza mwenyewe bila kuagizwa. Kijani: Allium, Pisum, Coriandrum, Hordeum, Sorghum. Chini kabisa, ndani ya boksi, nimeandika MITI, nyekundu mingi yake, hata ikivaa -us. Binti Habasoda ukipita Narung'ombe panda ghorofa ya pili uone jina lako lilipo.

Mwalimu, swali la mwisho nitakuletea mwenyewe Ukonga nikipata nafasi, na nitakuja na kilo mbili za ule mchele wenye jina la mashaka.

Mama wa ukwaju alipiga jioni kuulizia mzigo. Akaniuliza kama nimeona kosa lolote kwenye maandishi yake, maana kaambiwa mimi huwa nasahihisha. Nikamwambia hapana mama, Tamarindus ni jike. Simu ikawa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Haya baba, wewe chapa tu."